Kumfundisha mama kutumia Nokia 1100: nianze na lipi?

Binti Shambaa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo huenda wengi mkaliona dogo, lakini mimi limenishinda nikiwa mbali.

Mama yangu anaishi kijijini, wilaya ya Lushoto, na umri wake umepita miaka sabini. Kusoma Kiswahili anasoma vizuri, kwa kuwa alipitia madarasa ya elimu ya watu wazima, ila Kiingereza hakijui. Kwa muda mrefu alikuwa na simu ndogo yenye kitufe cha kijani cha kupokelea na chekundu cha kukatia, na katika simu nzima alikuwa akitumia vitufe hivyo viwili tu. Simu hiyo imekufa. Kaka yangu amempatia Nokia 1100 yake ya zamani, ile yenye tochi kichwani, ambayo ilikaa kabatini miaka mingi lakini bado inashika chaji na mtandao. Wapo ndugu walioshauri tumnunulie simu janja, lakini umeme wa kule hauna uhakika, na mama mwenyewe amekwisha sema kwamba simu ya kupangusa kwa kidole haitaki.

Tatizo ni kwamba Nokia 1100 haina kitufe cha kijani wala chekundu. Simu ikiita, anakitafuta cha kijani, anabonyeza namba moja baada ya nyingine, mpaka aliyepiga anakata tamaa. Akimaliza kuzungumza hajui namna ya kukata, kwa hiyo anaiweka simu chini na kunisubiri mimi nikate. Siku nyingine inanipigia yenyewe ikiwa mfukoni mwa gauni lake, nasikia watu wakipalilia huku salio likiisha. Zaidi ya hayo, jirani aliyeitazama simu ananiambia kuna alama ya bahasha inayometa kwenye kioo, na kwa siku kadhaa sasa ujumbe ninaomtumia hauingii.

Jambo analolitaka zaidi ni kuandika ujumbe mwenyewe. Dada yake aliyeko Muheza masikio yamepungua nguvu, hivyo kupigiana simu hakuwasaidii, na kila ujumbe inabidi mama aombe kijana wa jirani amwandikie. Kuna maneno ambayo dada wawili hawapendi yapitie mkononi mwa kijana.

Mwisho wa mwezi nitakwenda likizo fupi. Naomba mnielekeze nianze na lipi na nimalizie na lipi, na kama kuna mipangilio ambayo ni afadhali niiweke mimi kabla sijaanza kumfundisha.

Fundi wa Makoroboi alijibu:

Dada, pole na hongera kwa kuamua kumfundisha badala ya kumbadilishia simu tena. Mimi ni fundi wa simu hapa Mwanza, na vitochi vya aina hiyo bado vinaletwa mezani kwangu kila mara. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ndiyo maana mpaka leo kasha lake, vitufe vyake na betri yake havijawa vitu vya kutafuta kwa tochi.

Mama yako hajasahau chochote. Simu aliyozoea ilikuwa na kitufe kimoja kwa kazi moja, lakini 1100 ina kitufe kikubwa kimoja chini ya kioo ambacho kazi yake inabadilika kila wakati. Kazi ya kitufe hicho kwa wakati huo huandikwa kwenye mstari wa chini wa kioo, juu yake kabisa. Simu ikiwa imetulia, kuna neno la kuingilia kwenye menyu. Ukiandika namba, neno linageuka kuwa la kupiga. Simu ikiita linakuwa la kupokea. Mkiwa mnazungumza linakuwa la kukata. Kwa hiyo mtu anayetafuta rangi hatafanikiwa kamwe katika simu hii, na anayesoma lile neno hatapotea. Kitufe cha pili muhimu ni kile chenye herufi C, ambacho hufuta herufi uliyokosea, hukurudisha nyuma, na simu ikiita hukataa kupokea. Ukikibonyeza na kukishikilia simu ikiwa imetulia, tochi inawaka.

Kwa sababu hiyo lugha ya simu ndiyo ya kushughulikia kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta orodha ya lugha, na kama Kiswahili kimo kichague. Si kila 1100 inacho, kwa kuwa lugha ziliwekwa kulingana na soko ambalo simu ilikusudiwa. Usipokiona, itabidi mama ayakariri maneno manne ya Kiingereza kwa sura yake, yaani "Menu", "Call", "Answer" na "End". Mtu anayesoma Kiswahili anayazoea upesi, kwa kuwa herufi ni zilezile.

Bahasha inayometa maana yake nafasi ya ujumbe imejaa, na simu haiwezi kupokea mwingine mpaka baadhi ya uliomo ufutwe. Simu hizi huhifadhi ujumbe mchache sana. Anayepokea pesa kwa simu hujaziwa haraka na taarifa za miamala, matangazo ya mtandao na ujumbe wa vifurushi, na ule anaousubiri kwa hamu ndio unaokosa mahali. Futa, lakini usifute yote kwa pamoja kabla ya kumsomea, maana wazee huweka ujumbe kwa sababu zao. Angalia pia ujumbe uliotumwa, kwa kuwa nao unakula nafasi ileile.

Kuhusu kujipigia mfukoni, vitufe vifungwe. Bonyeza kitufe kikubwa, kisha nyota mara moja bila kuchelewa. Kufungua ni hivyo hivyo, kitufe kikubwa halafu nyota. Vitufe vikiwa vimefungwa simu inayoingia bado inapokelewa kwa kitufe kikubwa bila kufungua kwanza, na namba ya dharura 112 bado inapigika. Katika mipangilio kuna sehemu ya kufanya vitufe vijifunge vyenyewe, ukiiona, iwashe.

Halafu itazame betri kwa kuwa imekaa kabatini. Ni BL-5C, ileile inayotumika kwenye redio ndogo nyingi za sokoni, hivyo haikosekani, ingawa za bandia ni nyingi kuliko za kweli. Itoe, ilaze juu ya meza tambarare na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kwa urahisi, imevimba katikati na haifai tena hata kama bado inashika chaji. Ukiifungua simu hivyo, kumbuka kurekebisha saa baadaye.

Mwisho, majina yahifadhi kwenye laini, si kwenye simu. Kumbukumbu ya 1100 inachukua majina 50 tu, na simu ikifa siku moja laini itahamia nyingine na majina yake.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe, alijibu:

Binti yangu, nimesoma swali lako kwa makini kwa sababu nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika, na baada ya kustaafu nimewafundisha majirani zangu kadhaa simu za aina hii. Fundi ameeleza chombo vizuri. Mimi nitaeleza namna ya kumkabidhi mama chombo hicho, maana watoto wengi wanaokuja likizo hufungua menyu na kuanza kuielezea tangu mwanzo hadi mwisho, na mama huitikia "ndiyo mwanangu" kwa heshima tu.

Menyu usiifundishe kabisa. Mama anahitaji kupokea, kukata, kufunga vitufe, kumpigia mtu anayemfahamu, kusoma ujumbe na kuandika ujumbe. Mambo mengine yote yapange wewe mwenyewe usiku akiwa amelala, kisha uyaache.

Kupokea kufundishwe kwa kupigiwa. Keti naye, toka nje hadi uani, mpigie. Usimshike kidole. Mwache atazame kioo, asome lile neno la chini, abonyeze. Mkishaanza kuzungumza, muulize ni neno gani analiona sasa juu ya kitufe kikubwa, na hapo atagundua mwenyewe kwamba neno limebadilika na kwamba ndilo la kukatia. Mtu mzima akigundua jambo kwa macho yake hulishika kuliko akitajiwa. Wakati huohuo mwonyeshe vitufe vya juu na chini, kwamba wakati wa mazungumzo cha juu huongeza sauti na cha chini huipunguza. Wazee wengi huishi miaka wakilalamika kwamba simu "haisemi", kumbe sauti imeshushwa na kidole kilichopita.

Kwa kupiga, jina liandike kama mama anavyomwita mtu huyo, si kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Ikiwa dada yake anamwita kwa jina la utotoni, hilo ndilo liandikwe. Shangazi aliyehifadhiwa kwa jina la ubatizo ni mgeni katika simu hiyo. Watu wanne au watano wa karibu kabisa wape namba za mkato, ili mama ashikilie 2 kwa muda na simu ikupigie wewe, ashikilie 3 impigie kaka yako, na kadhalika mpaka 9. Mkato huo hupangwa kwenye sehemu ya majina, na iwapo haukubali, kagua mipangilio ya kupiga uone kama umezimwa. Kisha andika kwa herufi kubwa kwenye daftari: 2 fulani, 3 fulani. Daftari hilo likae mahali pamoja nyumbani, na ndani yake namba zote ziandikwe kwa kalamu. Hapo natofautiana kidogo na Fundi, kwa sababu laini nayo hupotea pamoja na simu.

Sasa kuandika, ambako ndiko kiu ya mama ilipo. Kabla ya kuanza, zima kamusi ya simu, ile inayobahatisha neno kabla hujalimaliza. Katika 1100 unaizima ukiwa kwenye ukurasa wa kuandikia, kupitia chaguo la kamusi. Kama kamusi yenyewe ni ya Kiingereza, mama akiandika "njoo" simu itampa neno lisilojulikana, na ataamini kwamba kosa ni lake.

Kila kitufe cha namba kimebeba herufi tatu au nne, na herufi hupatikana kwa kubonyeza mara kadhaa kulingana na nafasi yake. A ni 2 mara moja, B ni 2 mara mbili, C ni 2 mara tatu. Mzee akielewa hilo, kikwazo kinachobaki ni kimoja tu: herufi mbili zinazofuatana zikiwa kwenye kitufe kimoja, lazima asubiri kialama cha kuandikia kisogee kabla ya kubonyeza tena. Ndiyo maana nakusihi uanze na neno "mama", wala usianze na "baba". "Mama" ni 6, 2, 6, 2, kila herufi kwa mbonyezo mmoja, bila kusubiri hata mara moja. "Baba" lote limekaa kwenye kitufe cha 2, na kila herufi inadai subira, hivyo anayeanza nalo hupata msururu wa herufi asizozikusudia na kuirudisha simu kwa mwenyewe. Baada ya "mama" mpe "hela", kisha "samaki", kisha "nimefika", ambalo lina E na F zinazofuatana kwenye kitufe cha 3 na litamfundisha kusubiri kwa sababu ya maana. "Baba" liwe mtihani.

Nafasi kati ya maneno ni 0. Nukta na alama nyingine ziko kwenye 1. Akitaka kuandika namba badala ya herufi, ashikilie kitufe chenyewe mpaka namba itokee. Herufi kubwa na ndogo hubadilishwa kwa #, lakini hilo liache. Ujumbe wenye herufi ndogo tupu unasomeka. Mwambie pia kwamba ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na kwamba Kiswahili hakina alama za juu ya herufi zinazopunguza idadi hiyo. Kwa mazungumzo ya dada wawili huenda isitoshe, lakini ukizidi utagawanyika na kulipiwa kama ujumbe mbili, jambo ambalo mama atalijali kuliko wewe.

Binti Shambaa:

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Fundi. Habari ya "mama" na "baba" nimeijaribu hapa kwenye simu ya mwenzangu yenye vitufe na nimeona ni kweli tupu. Nimempigia kijana wa jirani, amefuta matangazo yaliyokuwa yamejaa, na ujumbe wangu wote umeingia kwa mkupuo. Mama amecheka kwamba nimekuwa mwenye maneno mengi.

Naomba niongeze maswali mawili. La kwanza ni pesa. Huwa namtumia mama fedha kwa simu, na wakati wa kutoa anampa wakala simu pamoja na namba ya siri ili amfanyie. Je, kwa simu hii anaweza kufanya mwenyewe? La pili, laini ninayotaka kumpelekea kama akiba niliitumia kwenye simu janja, na imekatwa ikawa ndogo sana. Itakaa?

Mdau wa Voi alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwako dada kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya simu hiyo tunaiita mulika mwizi, na nyanya yangu aliitumia kwa pesa miaka mingi bila kusaidiwa na mtu, kwa hiyo inawezekana kabisa. Huduma hizi hazihitaji intaneti. Ukipiga namba inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, mtandao ndio unaoleta orodha kwenye kioo na wewe unajibu kwa namba. Kwenu Tanzania M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, na mitandao mingine ina namba zake za namna hiyo. Andika namba ya mtandao wa mama kwenye lile daftari la Mwalimu.

Kuna mambo matatu ambayo yamewakera wazee wengi ninaowajua. Orodha hiyo haisubiri sana, na mtu akichelewa kujibu hukatika, jambo linalomfanya mzee aogope kwamba pesa zimekwenda. Mweleze mapema kwamba orodha ikikatika kabla hajaweka namba ya siri na kuthibitisha, hakuna kilichotoka, na aanze upya. Pia katika simu hizi namba ya siri unapoiandika kwenye orodha ya namna hiyo huonekana wazi kwenye kioo, haifichwi kwa nyota, kwa hiyo anayesimama nyuma yake anaisoma. Akae pembeni, au aandike akiwa ameigeuzia simu kifuani. Lingine ni hilo la wakala. Ni mazoea mabaya hata wakala akiwa jirani mwema, na mkifika nyumbani ibadilisheni namba ya siri siku hiyohiyo, kabla ya somo lolote, kwa kuwa ya sasa si siri tena.

Zoezi lenyewe lianze na kuangalia salio. Hakuna pesa inayosogea, anapitia hatua zilezile za kujibu kwa namba, na mwisho anaona kiasi chake. Akizoea hilo kwa wiki chache ndipo aingie kwenye kutoa. Kwa kutoa, kazi ya wakala iwe kumsomea namba ya uwakala tu.

Na wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mama awajue kabla hawajamfikia. Asijibu, asipige. Kwenu namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Fundi wa Makoroboi:

Kuhusu laini, haitakaa yenyewe. Nokia 1100 inatumia ukubwa wa zamani wa milimita 25 kwa 15, na ya simu janja za sasa ni kama milimita 12 kwa 9. Kuna adapta za plastiki za kuichomeka, zinauzwa bei ndogo, lakini zichague kwa uangalifu. Iliyo nyembamba au iliyolegea huiachia laini ikateleza, na unapoitoa hunasa kwenye vile vimeno vya shaba na kuvipinda. Nimerekebisha nyingi za namna hiyo. Kwa simu ya mzee ni bora kwenda kwenye duka la mtandao, kubadilisha laini na kupewa kadi yenye ukubwa wote, ambayo huja imechongwa kwa saizi zote tatu na haivunjwi. Namba inabaki ileile. Majina yaliyokuwa kwenye laini ya zamani hayarudi, na hapo nakubaliana na Mwalimu kuhusu daftari.

Bado nasisitiza majina yakae kwenye laini. Ila yawe mafupi, kwa sababu laini hukata jina likiwa refu, mara nyingi baada ya herufi 14 hivi, na kila jina linachukua namba moja tu. Usihifadhi sehemu zote mbili, maana orodha itaonyesha kila mtu mara mbili na mama atafikiri ni watu wawili.

Jambo jingine, kwa wengine wanaosoma hapa na wanaotaka kununua simu kama hii kwa mtu: kabla ya kutoa pesa bonyeza *#06#, kioo kitaonyesha tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Zilinganishe na zile zilizobandikwa chini ya betri, halafu zitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Tangu Juni 2016, TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia, simu yenye utambulisho wa uongo ni hasara tupu.

Mbongo wa Ohio alijibu:

Naomba nichomekee jambo moja kwa wenzangu tulioko Marekani ambao tukisoma uzi huu tutataka kuwapelekea wazazi simu za vitufe tulizozikuta kwenye maduka ya mitumba ya huku. Nyingi zilitengenezwa kwa masafa ya 850 na 1900, na nyumbani mitandao ya simu hizi iko kwenye 900 na 1800, kwa hiyo simu inaweza kuwaka vizuri, ikaonyesha kila kitu, na isishike mtandao hata ukipanda mlimani. Hata hii 1100 ilikuwa na toleo lake la Amerika. Simu nyingine zimefungwa kwenye mtandao mmoja. Afadhali kutuma pesa ndugu anunue kulekule. Na ukija nayo huku kutoka nyumbani haitakufaa; kampuni ya AT&T, kwa mfano, ilizima mtandao wake wa kizazi cha pili mwaka 2017.

Binti Shambaa:

Nashukuruni wote. Laini nitaibadilisha dukani kabla ya safari. Limebaki moja tu, ambalo mama amelitaja leo asubuhi. Anataka simu imwamshe saa kumi na moja alfajiri, na kaka yangu amemrekebishia saa ya simu isome Kiswahili, yaani saa moja asubuhi inaonyesha 01:00. Je, kuna ubaya?

Mwalimu Mstaafu, Korogwe:

Marahaba binti yangu. Ukiiacha hivyo, kengele itaita kwa wakati ulioiwekea, kwa hiyo si kosa la kuharibu simu. Ubaya uko kwenye ujumbe. Saa inayoandikwa kwenye ujumbe unaoingia, na ile iliyo ndani ya taarifa za pesa, hutoka kwa mtandao, na mtandao unafuata saa ya kawaida. Mama akitaka kujua pesa ziliingia lini, au akibishana na wakala, saa zake na za ujumbe zitapishana kwa saa sita na yeye ndiye atakayeonekana amekosea. Irudishe kwenye saa ya kawaida, iwe ya mpangilio wa saa 24, na kwenye daftari umchoree jedwali dogo la zile saa anazozihitaji kwa siku: kuamka, taarifa ya habari ya redio, na kulala.

Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Akiweka 11:00, itamwita akiwa shambani saa tano asubuhi. Kengele ya simu hii huita hata simu ikiwa imezimwa, hivyo anaweza kuizima usiku kulinda chaji. Na inapoita, asome neno lililo juu ya kitufe kikubwa, kwa kuwa ndilo la kuinyamazisha. Akiiacha bila kugusa chochote, itanyamaza kidogo na kuita tena.